Sahani za kaure au za kutupa usiku wa Sederi?

SWALI: Nafanya kazi za nyumbani kwa familia ya Kiyahudi hapa Golders Green, London, na hii ndiyo Pasaka yangu ya kwanza kwao. Usiku wa Sederi, ule mlo wa ibada unaofungua Pasaka, tutakuwa watu 20 mezani pamoja na wageni, lakini sahani zao za Pasaka, zile zinazofungiwa stoo mwaka mzima, zinatosha watu 12 tu. Mama mwenye nyumba hataki meza ijae karatasi. Mwenzangu mmoja ananiambia nichukue sahani za kaure za kila siku nizichemshe kwa maji na siki, zitafaa. Mwingine anasema ninunue za kutupa kwa wote, nisisumbuke tena na mambo ya kosheri, yaani sheria zao za chakula. Nifuate lipi? — Msomaji, London

JIBU: Usizichemshe hizo sahani, dada. Na kama sufuria uliyopanga kuzichemshia ni ya Pasaka, basi usiisogeze karibu nazo kabisa, kwa sababu utakuwa umeharibu vitu viwili kwa mkupuo mmoja: sahani hazitafaa, na sufuria nayo itakuwa imeingia hametsi, yaani nafaka iliyochachuka, ambayo imekatazwa wakati wa Pasaka.

Kazi yangu ni kusimamia majiko ya karamu za kosheri, na kila mwaka Pasaka ikikaribia suala hili la maji ya moto linarudi. Mmoja anasema siki, mwingine jiki, mwingine magadi, mwingine anadai mashine ya kuoshea vyombo ikizungushwa mara tatu inatosha. Wote wanadhani tatizo ni uchafu. Sahani za familia hiyo ni safi, hata ukizikagua kwa taa. Sheria ya Kiyahudi inaangalia jambo jingine: chombo kilichopokea chakula cha moto kimenyonya kile chakula. Sahani ya kila siku imenyonya tambi, mchuzi uliotiwa unga, makombo ya mkate wa moto. Hiyo ndiyo hametsi, na ndiyo isiyotakiwa hata kidogo siku zote za Pasaka, ambazo huko London ni nane.

Kutoa kilichonyonywa kunategemea chombo kimetengenezwa kwa nini. Chuma na shaba hutoa. Udongo hautoi, na kaure huhesabiwa ni udongo. Asili yake iko wazi katika Walawi 6:28: chombo cha udongo kilichopikiwa nyama ya sadaka kinavunjwa, cha shaba kinasuguliwa na kusuuzwa kwa maji. Waliopikia chungu wanalielewa hili bila kufundishwa. Chungu kilichozoea samaki wa nazi, pika maharage ndani yake uone kama samaki hatajitokeza. Kwa hiyo anayekwambia sahani ya kaure "inakosherishwa" kwa maji yanayochemka anakupa kanuni ya chuma na kuibandika kwenye udongo. Hata upawa wa chuma wenyewe una masharti yake: usafishwe hadi kwenye maungio, ukae saa 24 bila kutumika, ndipo uzamishwe wote kwenye maji yanayotokota. Wanaorekodi video za dakika moja wakiuza siki hawayasemi hayo.

Sasa wageni wako. Mama hakosei kutaka meza nzuri. Shulchan Aruch, kitabu cha sheria kinachofuatwa na Wayahudi wengi, kinaagiza kwamba usiku wa Sederi meza ipambwe kwa vyombo vizuri kadiri ya uwezo wa mtu, kwa kuwa ni usiku wa watu waliotoka utumwani. Akikwambia hataki karatasi, usidhani ni madoido ya mwenye pesa.

Ningekuwa jikoni kwenu ningefanya hivi. Mayai katika maji ya chumvi na samaki wa kuanzia ningevipakua kwenye sahani za karatasi ngumu. Hapo za kutupa zinafaa kweli, maana desturi yao inakataza samaki na nyama kuliwa pamoja, na mgeni akimaliza samaki, sahani inaondoka bila kupita kwenye sinki. Supu na nyama ningeviweka kwenye sahani halisi: zile 12, na nane mpya za kioo zisizo na maua. Vyombo vipya vya kioo au chuma vilivyonunuliwa kwa asiye Myahudi huzamishwa kwanza kwenye mikve, birika la maji la kutakasia, na mikve za vyombo zipo mitaa ya Wayahudi ya kaskazini mwa London. Bandua lebo za bei na usugue gundi yote, kwa sababu kitu kilichoganda kwenye chombo kinazuia maji kukigusa. Halafu mwachie mama azizamishe mwenyewe na kusoma baraka. Usijitolee kwenda peke yako kumwokolea muda.

Glasi za mvinyo ziwe halisi kwa wote 20. Kila mtu atakunywa vikombe vinne, na kikombe lazima kibebe kipimo maalumu, kuanzia kama mililita 86 kwa wanaopima kidogo hadi 150 kwa wanaopima zaidi. Rabi Moshe Feinstein wa New York, ambaye maamuzi yake yanafuatwa na wengi, hakukubali kikombe cha karatasi kwa kidushi, ile baraka inayosomwa juu ya mvinyo. Wapo marabi walioruhusu, ila kwa nini umtie mwenye nyumba katika ubishi huo usiku wenyewe, wageni wamekaa?

Mwenzako wa pili naye, yule wa kutupa kwa wote, anastahili jibu, kwani ushauri wake unaonekana salama kuliko ulivyo. Sahani ya kutupa inakuondolea swali moja tu, la sahani. Haigusi upawa, wala chujio, wala sponji, wala kitambaa cha kufutia, na makosa mengi ninayoyakuta yanapitia hapo. Mtu amenunua sahani mpya za karatasi kwa wageni wote, kisha anapakua supu kwa upawa alioutoa kwenye droo ya kila siku. Hapo sahani imesaidia nini?

Halafu kuna zile za plastiki ngumu zinazong'aa, zenye ukingo wa rangi ya fedha. Ni nzuri, watu wanaona uchungu kuzitupa, wanaziosha na kuziweka. Ukiziosha ili zitumike tena zimeshakuwa vyombo kama vingine: zilizopokea nyama ni za nyama, na jibini haliji juu yake kesho, maana kwao nyama na maziwa havichanganywi. Ama uzitupe, ama uzipe kabati lake. Na England, tangu Oktoba 2023, maduka hayaruhusiwi kumuuzia mteja wa kawaida sahani za plastiki za kutumia mara moja, hata zile za plastiki ya mimea, kwa hiyo utakutana zaidi na za karatasi na za makapi ya miwa. Hiyo ya mimea ukiikuta imebaki kabatini, iangalie: aina yake ya kawaida hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na supu ya kuku inayotoka jikoni ina moto kuliko huo. Mtu ataunguzwa mapajani. Zipo pia sahani zinazotengenezwa Poland kwa pumba za ngano, zinasifiwa kwamba unaweza hata kuzila. Ngano! Mtu anaingiza hametsi mezani usiku wa Pasaka akiamini ananunua kitu cha kulinda mazingira. Soma kifungashio chote.

Kuhusu kuosha: Sederi ni mbili, usiku wa kwanza na wa pili. Vyombo vya usiku wa kwanza wao wanaweza kuviosha vikihitajika kwa mlo wa mchana wa siku ileile, lakini siku ya kwanza haitumiki kuandalia ya pili. Kwa hiyo usishangae kuona sinki limejaa mchana kutwa na hakuna anayelishughulikia hadi giza liingie. Mashine ya kuoshea usiiwashe kwa kudhani unasaidia. Muulize mama kabla sikukuu haijaingia, akupe mpangilio wote, maana nyumba hazifanani na rabi wao ndiye mwenye neno la mwisho.

Nawaambia na wengine mnaofanya kazi katika nyumba hizi, London, Antwerp au New York. Makundi ya simu yamejaa mafundi wa kukosherisha ambao hawajawahi kusimama chini ya rabi hata siku moja. Wengine wanatoza pesa. Wanakufundisha njia ya mkato, na likiharibika wewe ndiye unayefukuzwa kazi.

Na kosa likitokea, lisifichwe. Siku za kawaida, tone la maziwa likidondokea sufuria ya nyama, rabi anapima: chakula kikizidi tone mara 60, mara nyingi anaruhusu. Hametsi ikiingia kwenye chakula siku za Pasaka, kipimo hicho hakipo, hata chembe inahesabika. Upawa usiofaa ukigusa supu, zima moto, usipakue, wala usiuoshe huo upawa. Weka pembeni vyote viwili na umwite mama mwenye nyumba palepale, hata kama wageni wanasubiri.