Barua kwa mwanangu: digrii ya miaka miwili ya biashara

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata juzi, na nimeona nikuandikie kwa kirefu. Umeniuliza kama ukijiandikisha Dallas College kusoma usimamizi wa biashara kwa miaka miwili utakuwa unapoteza muda, maana wenzako wameingia chuo kikuu moja kwa moja na wanakuambia hicho ni chuo cha walioshindwa.

Soma, mwanangu, na usione haya. Chuo cha umma cha miaka miwili cha zamani kuliko vyote Marekani, kile cha Joliet karibu na Chicago, kilianza mwaka 1901 makusudi ili vijana wasome miaka ya mwanzo ya chuo kikuu karibu na nyumbani, kisha wavuke. Kwa hiyo unachotaka kufanya ndicho kilichofanya vyuo hivi vianzishwe. Ada nayo ni nafuu kwa mkazi wa kaunti, kwa sababu kodi ya majengo ya wakazi hubeba sehemu ya gharama. Jiandikishe kwa anwani yako ya Dallas unakoishi, si hii yangu ya Houston.

Ninachokusihi ni kwamba kabla hujalipa hata senti, uamue kama unataka digrii hiyo ikuingize kazini au ikuvushe kwenda chuo kikuu. Zipo za namna mbili, na ukizitazama juu juu hutaona tofauti. Ile ya A.A. (Associate of Arts) imejengwa juu ya krediti, yaani vipimo vya masomo, 42 za msingi: Kiingereza, historia, serikali, hesabu, sayansi na mengineyo. Ukizikamilisha, chuo kikuu cha umma hapa Texas kinazipokea zote kwa pamoja. Ile ya A.A.S. (Associate of Applied Science) ni ya kukutayarisha kwa kazi, na masomo yake mengi hayakupangwa yahamishwe. Si digrii mbaya, inawafaa watu wengi. Lakini wewe umeniambia unataka kufika Denton, University of North Texas, basi hiyo si yako.

Angalia hata namba za masomo. ACCT 2301 ni uhasibu wa fedha, na unahamishika. ACNT 1303 nao ni uhasibu, ila ni wa upande wa kazi. Kwenye zile herufi nne za mwanzo moja tu imebadilika, na kwa herufi hiyo unaweza kufika chuo kikuu ukaambiwa uanze uhasibu upya na kuulipia upya. Mtu wa dirishani akikuandikia somo, usiseme asante ukaondoka. Uliza kama Denton watalipokea kwenye shahada ya biashara yenyewe, maana kulipokea kama somo la ziada tu hakutakusaidia. Na hesabu usizikimbie. Chukua MATH 1325, kalkulasi ya biashara, kwa kuwa shule nyingi za biashara huidai.

Ukiniuliza somo gani ulitilie mkazo kuliko yote, ni uhasibu. Mama yako anatunza vitabu vya biashara ndogo ndogo, nyingi za watu wetu wa Afrika Mashariki, na naona kinachoziangusha. Chukua kampuni ya usafi wa maofisi. Tuseme inatoza dola 12,000 kwa mwezi, mishahara na vifaa vinakula 9,000. Kwenye karatasi ina faida ya 3,000 kila mwezi, na mwenyewe anafurahi. Lakini wafanyakazi wanalipwa kila wiki mbili, na mteja analipa siku 60 baada ya kupewa ankara. Ankara ya mwezi wa kwanza italipwa mwisho wa mwezi wa tatu, na mpaka siku hiyo ameshatoa dola 27,000 bila kushika hata moja. Akipata mteja wa pili wa aina hiyo, ndiyo kwanza anazidi kukwama. Ijumaa ya mshahara inafika, anakopa kwa riba ya kutisha, na bado hajui kwa nini, kwa sababu amezoea kuangalia faida na hajawahi kuangalia mtiririko wa fedha. Darasani watakufundisha hayo kwa mifano ya kampuni kubwa. Wewe yasome ukiwafikiria hawa.

Sasa habari ya muda. Digrii hiyo ni krediti 60, na kwa mihula minne ni 15 kila muhula. Watakuambia 12 zinatosha kuhesabiwa mwanafunzi wa muda wote, na ni kweli, ila 12 mara nne ni 48. Kwa kuwa usiku uko kazini ghalani, nakushauri uchukue 12 na uongeze masomo ya kiangazi. Ikifika miaka miwili na nusu, hakuna neno.

Jaza mapema FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwani una ukaazi wa kudumu na unastahili kuomba. Msaada wa Pell, unaoombwa kwa fomu hiyo, ulifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–2025, nao haurudishwi kama mkopo. Lakini una kikomo, sawa na mihula 12 ya kusoma muda wote. Kila muhula utakaotumia kwa masomo yasiyohamishika unakatwa kwenye ile utakayoihitaji Denton.

Wakikupa mpango wa masomo wa muhula wa kwanza, usiuthibitishe bado. Nitumie picha yake, Jumapili jioni tuupitie wote kwa simu, somo moja moja.

Mama yako