Leseni ya zana haitoshi, soma na ya maktaba zake

Wadogo zangu mnaoanza kufungasha zana huria za usalama, naomba mnisikilize kwa hili, maana naona vijana hodari wa hapa Dar wakikwama palepale nilipokwama mimi.

Miaka yangu ya mwanzo, tukiwa chumba kimoja Kijitonyama, mteja mmoja wa eneo la Posta alitaka diski yenye zana zote za kukagua mtandao wake. Nilikesha siku nne. Kila nilipofungua zana na kukuta GPL, leseni maarufu ya programu huria, roho ilitulia: ni huria, twende. Wiki ya pili mwanasheria wao akauliza: zana hii ya GPL toleo la 2 imeunganishwa na OpenSSL, maktaba (msimbo ulioandikwa tayari ambao programu nyingine huutumia) ya kusimba mawasiliano; ruhusa ya kuzigawa pamoja mmeipata wapi? Sikuwa na jibu.

OpenSSL ya zamani ilidai kwamba tangazo lolote linalotaja sifa zake liutaje pia mradi wa OpenSSL. Ni sharti dogo, lakini GPL inakataza kumwongezea mpokeaji sharti lisilokuwemo ndani yake. Ukigawa programu iliyounganisha hizo mbili, ukitii moja umeikosea nyingine. Kweli, GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, imeacha mlango: sehemu ambazo kwa kawaida huja na mfumo endeshi hazihesabiwi. Wengi huishia kusoma hapo. Sentensi hiyo inaendelea: isipokuwa sehemu yenyewe iwe imeambatana na programu. Diski yangu ilibeba vyote viwili.

OpenSSL 3.0, iliyotoka 2021, ilihamia leseni ya Apache 2.0. Hiyo inapatana na GPL toleo la 3 na haipatani na toleo la 2 peke yake. Kwa hiyo maneno "au toleo lolote la baadaye", yakifuata "GPL toleo la 2", yana uzito mkubwa: yanakuruhusu kuchagua toleo la 3. Yatafuteni juu ya faili za msimbo zenyewe, kwa sababu faili la COPYING huwa ni nakala ya leseni tu, halikuambii mwandishi alichagua nini. Hapohapo angalieni kama ametoa kibali maalumu cha kuunganisha na OpenSSL, wapo waliotoa. Na amri ya ldd itawaonyesha programu imeunganishwa na maktaba zipi.

Nmap, zana ya kuchunguza mitandao, ishughulikieni peke yake. Tangu toleo la 7.90, mwaka 2020, ina leseni yake, NPSL, na hiyo inaweza kuigusa hata programu mliyoiandika wenyewe mahususi kuendesha Nmap na kuchambua majibu yake. Kama mnauza dashibodi ya namna hiyo, isomeni neno kwa neno kabla ya kutaja bei.

Kutumia zana za GPL ndani ya ofisi yenu hakuna shida. Masharti haya huanza pale nakala inapokwenda kwa mtu mwingine. Tatizo ni kwamba kazi zetu nyingi hapa mjini ni za kumpelekea mtu mwingine.

Diski ya pili niliijenga upya kwa GnuTLS, maktaba nyingine ya kazi ileile ya OpenSSL. Zana moja ilikataa kabisa kufanya kazi nayo. Nikamwandikia mwandishi wake kuomba kibali cha kuiunganisha na OpenSSL, na mpaka alipojibu, zana hiyo ilikaa nje ya diski.