Barua kwa mwanangu: watoto wa Mskoti wa Nagasaki

Mwanangu Salim,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika, na ile sehemu uliyojua fika kwamba nitamsomea mamako, nimemsomea. Umeuliza mambo mawili ukayafunga pamoja: yule Mskoti ambaye nyumba yake iko kilimani hapo Nagasaki alifanyaje akawa mtu ugenini, na je, wewe nawe ukimaliza masomo, ukamwoa binti wa huko na kufungua biashara yako, watoto wako watakuwa watu wa wapi?

La kwanza ni jepesi. Thomas Blake Glover alizaliwa mwaka 1838 Fraserburgh, mji wa wavuvi kaskazini mashariki mwa Uskoti. Baba yake alikuwa ofisa wa ulinzi wa pwani. Kijana akapitia Shanghai, na mwaka 1859 akashuka Nagasaki akiwa na miaka 21, mwaka uleule bandari hiyo ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara wa mataifa mengine baada ya Waholanzi na Wachina kuihodhi zaidi ya miaka mia mbili. Miaka miwili baadaye alikuwa na kampuni yake. Alianza na majani ya chai, lakini chai si iliyompa jina. Japani ilikuwa inaelekea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye akauza meli na bunduki.

Hapa ndipo babako, aliyekula chumvi nyingi akigonga mihuri ya forodha Kilindini, alipotabasamu. Mwaka 1865 watawala wa jimbo la Choshu walitaka silaha, na serikali ya shogun, yule mtawala wa kijeshi wa Japani, ilikuwa imepiga marufuku kuwauzia. Glover akauza bunduki 7,300. Makaratasi yalionyesha kwamba wanunuzi ni watu wa Satsuma, jimbo jingine ambalo halikuwa na marufuku, na mzigo ukaenda Choshu. Mambo hayo nimeyaona kwa macho yangu, ila si ya bunduki, alhamdulillahi. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amewasaidia vijana watano wa Choshu kutoroka kwenda kusoma London, wakati adhabu ya kutoroka nchi ilikuwa kifo. Mmoja wao, Ito Hirobumi, ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani. Basi usishangae kwamba wanamtunzia bustani pale kwenye nyumba yake. Aliweka fedha zake upande ulioshinda, wa Choshu na Satsuma waliomwangusha shogun.

Tena ushindi wenyewe ukamfilisi. Vita viliisha mapema kuliko alivyopiga hesabu, wateja wakabaki na madeni, na fedha nyingine alikuwa amezizika kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa kisiwa cha Takashima na kwenye ile njia ya reli ya Kosuge inayoingia baharini, ya kupandisha meli nchi kavu kwa mashine ya mvuke. (Nenda kaione, si mbali na kwenu. Nikiwa na nauli ningekuja kwa ajili ya hiyo tu.) Mwaka 1870 kampuni ikaanguka. Wazungu wengi wangepanda meli warudi kwao. Yeye akabaki, akafanya kazi mgodini chini ya wengine, na mgodi ulipochukuliwa na Mitsubishi akawa mshauri wao hadi uzeeni. Akashiriki pia kuanzisha kiwanda cha bia kilichozaa Kirin, jambo ambalo mamako amesema nisiliandike. Mwaka 1908 mfalme akampa nishani ya Jua Linalochomoza. Akafariki Tokyo mwaka 1911 na kuzikwa Nagasaki.

Sisi huku Mombasa Mskoti wetu alikuwa William Mackinnon, aliyepewa na Sultani wa Unguja haki za kuendesha pwani hii mwaka 1887. Lakini yeye hakuhamia. Aliitawala biashara akiwa kwao. Kwa hiyo historia yake haiwezi kukujibu swali lako la pili, na ya Glover inaweza.

Glover aliishi na mke Mjapani, Tsuru, hadi Tsuru alipofariki mwaka 1899. Walizaa binti, Hana, mwaka 1876. Kabla yake kulikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa na mwanamke mwingine, akaletwa akiwa mdogo kulelewa nyumbani kwa baba. Huyo ndiye Tomisaburo, na kama ningekuwa wewe, pale bustanini ningesimama mbele ya picha yake kuliko ya babake.

Hana aliolewa na Mwingereza, wakahamia Korea, akaishi Incheon na kuzikwa huko mwaka 1938. Maisha yake yakaenda upande mmoja. Tomisaburo yeye alichagua kubaki. Alisoma Nagasaki na Tokyo, akaenda Marekani, akarudi. Aliandikishwa kuwa Mjapani kwa jina la Kuraba. Akaoa Waka, naye binti wa Mwingereza na mama Mjapani, kwa hiyo mume na mke walijuana kwa shida moja. Akafanya kazi kwenye kampuni ya Waingereza ya Holme Ringer, akaleta Japani kutoka Uskoti meli ya mvuke ya kukokota nyavu, na kwa zaidi ya miaka ishirini akawalipa wachoraji wamchoree samaki waliokuwa wakiletwa sokoni Nagasaki. Ni michoro zaidi ya 800, magamba na mapezi yamehesabiwa. Iko hapo hapo chuoni kwako, Salim. Mtu hawezi kuipenda bahari ya nchi asiyoiona kuwa yake.

Basi sikiliza nchi hiyo ilivyomlipa. Mwaka 1939 aliiuza nyumba ya babake kwa Mitsubishi. Ng'ambo ya ghuba, kwenye karakana ya Mitsubishi hiyohiyo ambayo babake aliitumikia, manowari kubwa ya Musashi ilikuwa ikijengwa kwa siri, na kutoka kilimani palionekana vizuri mno. Vita vilipoanza, polisi wa jeshi wakawa wanamfuata kila aendako. Waka akafariki mwaka 1943. Hawakuwa na mtoto. Bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 9 Agosti 1945, milima iliukinga upande wa kina Glover, na nyumba ikasalimika. Tarehe 26 mwezi huohuo, Waamerika wakiwa njiani kuingia, Tomisaburo akajinyonga. Alikuwa na miaka 74. Jeshi la Japani lilimshuku kwamba ni Mwingereza, na wale waliokuwa wanakuja wangemkuta ni Mjapani. Fedha aliacha wosia zipewe mji wa Nagasaki.

Sikuandikii haya kukutisha wala kukukataza. Japani ya leo si ile, na vita si jambo la kila siku. Lakini usinipe mfano wa Glover kwamba mgeni anaweza kufanikiwa. Hilo nalijua, Wahadhrami wamefanikiwa Mombasa bila kuomba ruhusa ya mtu. Glover mwenyewe hakuwahi kuhitaji kujibu yeye ni nani. Alikuwa Mskoti, basi, na alikaribishwa kama Mskoti. Deni la kuhama kwake lilidaiwa kwa mwanawe, ambaye upande wa baba alikuwa na jina na pua tu, hana amu wala binamu wa kumkimbilia wakati mambo yalipoharibika. Jamaa wa babake walikuwapo Nagasaki alipokuwa mdogo, hata shangazi yake Martha alizikwa hapo, lakini kufika vita alikuwa amebaki peke yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Oa, kama binti anakutaka na wazazi wake wameridhia. Habari ya nikah tutaizungumza kwa simu, si kwa barua, na mamako awepo. Biashara fungua. Ila mtoto akizaliwa, mwandikishe ubalozini Tokyo mapema, usingoje aanze shule. Kwa Katiba yetu ya 2010 mtoto wa Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa, na kwetu uraia wa nchi mbili unaruhusiwa. Kwa Japani najua atatakiwa kuchagua akiwa kijana, kwa hiyo ongeeni na wakili wa huko kabla, wewe na mkeo, na si wewe peke yako. Kiswahili azungumze na wewe nyumbani, hata kama Kijapani kitakuwa chepesi zaidi kinywani mwake. Na likizo aje. Si kila mwaka, najua bei ya tiketi, lakini aje akiwa mdogo, apigane na watoto wa amu zake, ajue ni nani mchokozi na ni nani wa kumkimbilia.

Na mchumba wako umlete kabla ya harusi. Mamako anauliza kama anakula pilipili, na kama wazazi wake nao watakuja au tuwaandalie chumba mwakani. Nimemwambia asubiri ujibu. Hasubiri, ameshamwambia shangazi yako.

Babako