Maswali ya Wasomaji: Mfupa umefika, mbona fremu haiondolewi?

SWALI: Daktari, mfupa wa muundi wangu ulivunjika ukaingiwa na maambukizi. Waliondoa sentimita 4 zilizokufa, wakaukata mfupa tena chini kidogo ya goti, kisha wakanifunga fremu ya pete za chuma ili kipande kilichokatwa kisogezwe taratibu kuziba pengo. Nimezungusha nati robo mzunguko mara nne kwa siku, na sasa kipande kilichokuwa kikisogezwa kimefika kilipotakiwa. Kwa nini naambiwa nikae na fremu miezi mingine? Ningezungusha haraka zaidi, si ningemaliza mapema? Tena, ngozi kuzunguka waya mmoja imekuwa nyekundu.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa hesabu ya milimita 1 kwa siku, sentimita 4 huchukua siku 40 hivi, lakini siku hizo ni za kusogeza tu. Nyuma ya kipande kilichosogea pameachwa tishu changa ambayo bado haijawa mfupa wa kubeba uzito, na kuikomaza huchukua takribani mara mbili ya muda wa kusogeza, mara nyingi hata zaidi, hasa kwa mvutaji wa sigara. Aidha, pale ncha mbili zilipokutana napo lazima paunge, na wakati mwingine panahitaji kupandikizwa mfupa. Nakiri kwamba miezi hii huwachosha wagonjwa kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa hawana tena nati ya kuzungusha wakaona kazi ikienda.

Kuhusu kasi, Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan, Siberia, aliyeanza kutumia fremu hizi miaka ya 1950, alionyesha kwamba mfupa mpya huota vizuri ukivutwa milimita 1 kwa siku, tena kwa vipimo vidogo vidogo. Ukiharakisha, pengo hujaa nyuzinyuzi badala ya mfupa, na mishipa ya fahamu huvutika hadi mguu ukafa ganzi. Ukichelewa mno, mfupa huunga kabla ya wakati na huenda ukahitaji kukatwa upya. Kwa hiyo hukupoteza hata siku moja.

Fremu huondolewa pale picha za eksirei, za mbele na za ubavuni, zinapoonyesha angalau kuta tatu kati ya nne za mfupa mpya zimekamilika. Hadi hapo, ikiwa daktari wako amekuruhusu kukanyaga, kanyaga, kwani uzito huuchochea mfupa kukomaa, na endelea kunyoosha kifundo cha mguu kila siku ili kisikakamae huku vidole vikielekea chini.

Wekundu kwenye tundu la waya hutokea kwa wagonjwa wengi na kwa kawaida hutulia kwa usafi na vidonge vya antibayotiki alivyoandika daktari. Usingoje miadi, lakini, ukiona usaha, ukipata homa, au waya ukilegea na kuuma unapokanyaga. Waya uliolegea hukazwa au hubadilishwa, na nati zake usiziguse mwenyewe.