Manka, kuhusu hilo la Toronto

Manka mama,

Ujumbe wako niliusoma Jumapili tulipotoka ibadani, nikaurudia usiku mama yako alipolala. Unasema umepata nafasi ya kusomea maadili ya tiba ya watoto, miaka miwili huko Toronto, na unauliza kama kwenda ni kuutupa udaktari ili ukakae kwenye vikao na makaratasi. Halafu ukanichokoza: "Baba, wewe kwani kiti cha kamati ya maadili kilikupa nini?"

Makaratasi ni kweli. Umekua ukiyaona mezani, mama yako akiyasukuma pembeni ili sufuria ya ugali ipate pa kukaa. Yale mafaili ya utafiti niliyasoma kwa ukali, na sababu unaijua. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, Pfizer walijaribu dawa yao mpya kwa watoto 200: nusu wakapewa hiyo mpya, nusu dawa iliyokwisha kuzoeleka. Watoto 11 walifariki. Kampuni ikashikilia kwamba kilichoua ni ugonjwa wenyewe, wazazi nao wakasema hawakuelezwa kuwa ni majaribio. Kesi ilivutana hadi 2009, kampuni ilipokubali kuilipa Kano dola milioni 75. Kila nilipoona fomu ya ridhaa ambayo mama wa Pasua hawezi kuielewa, niliirudisha. Watafiti walinichukia kwa hilo, na wala sikukosa usingizi.

Lakini lililonibakia moyoni halikutoka kwenye faili. Ni lile la binti wa kliniki. Nusu yake nilishakusimulia.

Alikuwa darasa la sita. Mama yake akiuza mitumba soko la Memorial, mwanamke mchapakazi, hakukosa tarehe hata moja. Mtoto amezaliwa na virusi vya UKIMWI, anameza dawa za kufubaza tangu mdogo, na ameambiwa ni za kifua. Kopo la dawa mama alikuwa amelibandua karatasi kwa wembe. Ilibaki gundi tu, na vumbi la kwenye mkoba limeng'ang'ania pale kama ukanda mweusi. Nikisema tumwambie mtoto, mama ananijibu, "Daktari, atatangaza shule nzima. Nani atanunua nguo kwangu?" Mkuu wangu wa wakati ule akawa upande wa mama: mtoto ni wa mzazi, usiingilie. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa mwongozo mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake. Nikamwonyesha. Akasema miongozo haiishi Moshi.

Mimi nilisema, na hadi leo nasema, mtoto ana masikio. Unaweza kumficha jina la ugonjwa, humfichi minong'ono ya wakubwa.

Ilichukua muda. Mwishowe mama akakubali, tukakaa watatu, mlango umefungwa. Akaanza kueleza, sauti ikakata, akalia. Yule binti akavuta pindo la kanga ya mama yake, akamfuta uso taratibu, akasema, "Najua, mama. Nilijua tangu darasa la nne. Kopo kama hili lipo kwenye bango la hapo nje. Nilinyamaza ili usilie."

Manka, nilitamani kumwita mkuu wangu aje asikie. Natamani mpaka leo, na yeye ameshastaafu! Nilipomsimulia aliniambia nimebahatisha. Kubahatisha!

Sasa ngoja nijipinge mwenyewe, kabla hujanipinga wewe. Yule mama hakuwa mjinga. Kijiwe chake sokoni kingekufa kweli, na mimi nisingemlipia ada ya mtoto. Na binti naye, kunyamaza kwake si ulikuwa uamuzi wake? Wawili wale walikuwa wanalindana, nami nikaingia katikati na mwongozo wangu mkononi. Nani alinituma? Nikifika hapo hukwama. Lakini nikikumbuka mtoto wa darasa la nne akilibeba jambo lile peke yake, narudi palepale: mtoto ana masikio. Sheria yenyewe imesogea kidogo. Tangu 2019 mwenye miaka 15 anaweza kukubali mwenyewe kupimwa virusi. Wa darasa la sita bado anasoma mabango.

Kuhusu kwenda au kubaki, nimemwahidi mama yako sitakuamulia. Bado ananisimanga kwamba hata PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ya kidato cha tano nilikuchagulia mimi, na wewe unajua ni uongo. Kwa hiyo nanyamaza. Ila nijuavyo, huko watakufundisha vizuri habari za mgonjwa, wazazi wake wawili na daktari, wote chumbani. Hapa kwetu ruhusa ya upasuaji anaitoa baba mkubwa kwa simu kutoka Rombo, hajamwona mtoto tangu Krismasi. Mtu aliyewahi kubishana na baba mkubwa kwenye simu saa nane za usiku ana la kuwaambia wale maprofesa, na... basi, nimeshaanza kuamua. Aya hii usimsomee mama yako.

Shangazi yako amepakia ndizi mshale kwenye basi la Jumanne. Namba ya kondakta nitakutumia kesho. Zipokee mapema, mara ya mwisho zilikuivia Ubungo na lawama nikazibeba mimi.

Baba yako
Rau, Moshi