Maswali ya Wasomaji: Mama Ana Kisukari, Tunakwenda Mwanza kwa Basi

SWALI: Shikamoo mshauri. Mwezi ujao nitamsindikiza mama yangu kutoka hapa Tanga kwenda Mwanza kwa basi. Ana kisukari na anatumia vidonge. Safari iliyopita alikataa kabisa kunywa maji, akihofia kwamba basi halitasimama abiria wachimbe dawa, akashinda kwa soda na chipsi za njiani. Safari hii nimepanga kumfungia wali wa nazi na samaki kwenye hotpoti, ale hadi jioni. Je, inafaa?
Msomaji wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nia yako ni njema, lakini wali wa nazi uache nyumbani. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, kwa kuwa vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60, na hotpoti uliyoifunga alfajiri kabla ya kwenda stendi ya Kange haitahifadhi joto la kutosha hadi jioni. Tui nalo huchacha upesi, na kuharisha ndani ya basi ni balaa kwa mtu yeyote, sembuse mgonjwa wa kisukari, ambaye akipoteza maji mwilini sukari yake huvurugika.

Mfungie mayai ya kuchemsha yakiwa bado na maganda, ayale mapema kabla hamjafika Segera. Cha kukaa kutwa kiwe kikavu: chapati za unga wa ngano usiokobolewa zilizopikwa kwa mafuta machache, korosho zisizotiwa chumvi, karoti na matango yaliyooshwa, ambayo mtayamenya humo humo safarini. Chapati zitandaze kwenye ungo zipoe kabisa ndipo uzifunge kwa kitambaa safi, maana zikifungwa za moto mvuke huzilowesha na kabla ya jioni huwa zimeanza kunata na kunuka. Machungwa ya Muheza yachukue na maganda yake. Yale yanayouzwa dirishani yamekwisha kumenywa kwa kisu ambacho hujui kimeoshwa wapi, na yamepigwa na vumbi la barabara. Hata hivyo, tunda ni moja kwa wakati mmoja, nalo liliwe zima badala ya kukamuliwa juisi; mkipita Dodoma na zabibu zikawavutia, kiganja kimoja kinamtosha, baada ya kuzisuuza kwa maji ya chupa.

Basi likisimama kwa chakula cha mchana, kilichotoka jikoni kinafuka moshi ndicho salama kuliko kuku na chipsi waliolala kwenye kabati la vioo tangu asubuhi. Mwagizie wali kidogo, robo ya sahani tu, maharage au samaki robo nyingine, na nusu iliyobaki iwe mchicha au kabichi. Wahudumu wengi hawakatai ukiomba hivyo mapema, kabla hawajapakua.

Kuhusu maji, mama asikubali kukaa na kiu. Sukari ikipanda mwili hutoa mkojo mwingi, na asiponywa damu huzidi kuwa na sukari nyingi. Anywe mafunda machache kila baada ya muda badala ya chupa nzima kwa mara moja, nawe umwombe kondakta mapema awakumbuke kwa kusimama. Mzee anayeombewa kwa adabu ni nadra kunyimwa. Soda ya mililita 350 hukaribia gramu 35 za sukari, kwa hiyo si kinywaji cha kukata kiu yake.

Iko hali moja tu ambapo soda hiyo hiyo inageuka kuwa dawa. Baadhi ya vidonge vya kisukari huishusha sukari kupita kiasi mgonjwa akichelewa kula, kwa hiyo asimeze kidonge halafu akae na njaa akisubiri basi lisimame. Ukimwona anatetemeka, anatokwa jasho jembamba au anaongea maneno yasiyoeleweka, naye bado anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya soda ya kawaida au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, usubiri dakika 15, urudie ikiwa hajapata nafuu, kisha ale chapati. Akishindwa kumeza, usimtie kitu mdomoni. Mwombe dereva awafikishe kituo cha afya kilicho karibu. Vidonge vyake vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti, na kabla ya safari mwulize daktari wake saa za kuvimeza siku hiyo.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka minne hutapika kila tukisafiri. Nimpe nini?
Msomaji wa Pangani

JIBU: Mpe kidogo, tena kikavu, kama saa moja kabla ya kuondoka: kipande cha mkate au ndizi moja. Maziwa, maandazi yenye mafuta mengi na peremende viache hadi mfike. Mketishe viti vya mbele aangalie barabara, asichezee simu, na maji umpe kwa kijiko. Akitapika mfululizo au akalegea, huo si uchovu wa safari. Mpelekeni kwa daktari.