Bia ikinuka plasta usikimbilie kulaumu hamira

Nyie mnaoanza kupika bia nyumbani, swali lenu kubwa huwa ni moja, "imeharibika, nimwage?" na mimi nawauliza inanuka nini, mtu ananijibu inanuka vibaya. Sasa hapo nikusaidieje? Nusa tena, onja kidogo, halafu uniambie inafanana na nini, maana kila harufu inakuonyesha siku uliyokosea.

Mimi nilimwaga ndoo tatu za lita 20 hapa Moshi, zote zinanuka plasta ya kidonda, na ukimeza kuna kaladha ka dawa kanabaki nyuma ya ulimi. Nikabadilisha hamira, ikarudi ileile, nikabadilisha kimea, ileile tu, nikaanza kuhisi nimelogwa. Kumbe jiki! Maji yalikuwa ya mgao so nilikuwa naosha ndoo na jiki nasuuza mara moja tena nusunusu, na klorini ikikutana na vitu fulani vya kwenye kimea inatoa hiyo harufu, kidogo tu inaharibu ndoo nzima. Na maji ya bomba yenyewe yanaweza kuwa na dawa, yachemshe au yaache wazi usiku kucha. Ikishanuka hivyo haina tiba, mwaga tu.

Kingine ni joto, na hapa Moshi Januari na Februari ndo linatuumiza. Hamira nyingi za eli (aina ya bia, ale kwa Kiingereza) zinataka nyuzi 18 mpaka 22 hivi, chumba chako mchana kinaweza kugonga 30, na bia ikiwa inachacha inajiongezea joto lake yenyewe juu ya hilo. Matokeo yake unapata kitu kinachoma koo kama spiriti, kesho kichwa kinagonga. Mimi naweka ndoo ndani ya beseni la maji, naizungushia khanga iliyolowa ncha zake ziguse maji, asubuhi na jioni natumbukiza chupa za maji zilizoganda. Siku tatu za kwanza ndo za kukomaa nazo, baada ya hapo hata ukipitiwa si mbaya sana. Wa Arusha Julai shida yenu kinyume, hamira inalala.

Ikinuka siagi au epo bichi, mara nyingi ni haraka zako. Hamira ilikuwa haijamaliza kazi, hivyo vitu inavitengeneza halafu inavila yenyewe mwishoni ukiiacha, basi iache siku tatu nne zaidi sehemu yenye joto kidogo. Yai viza nalo lisikutishe, kwa kawaida linaondoka na gesi. Mahindi ya kuchemsha ni kwamba ulifunika sufuria wakati wa kuchemsha, acha wazi saa nzima mvuke utoke, na ukimaliza poza chap.

Siki ni habari nyingine. Angalia ndoo yako, kama iliwahi kusuguliwa na stilwaya ina mikwaruzo, bakteria wanaoleta siki wanajificha humo na jiki haiwafikii, ndoo hiyo ipeleke ikabebe maji ya kufulia. Na acha kufunua mfuniko kila saa unachungulia, wa siki wanahitaji hewa nawe unawapa. Msinitajie mbege hapa, ile pombe yetu ya ndizi, mbege ukali ni tabia yake na inanywewa changa, bibi yangu akiiona imelala siku mbili anaiangalia kama mgeni aliyekawia kuaga.

Oneni na hii, juzi dogo mmoja ananiambia bia yake inanuka kicheche, nikaenda kwake nikakuta chupa za kijani zimepangwa dirishani zinapigwa na jua la asubuhi. Jua linavunja vitu vya kwenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ndani ya dakika chache, chupa ya kijani haizuii vya kutosha, tafuta za kahawia na bado uzifiche. Zangu zinakaa chini ya kitanda, mke wangu alishalalamika mpaka akachoka.